Mwamuzi Asiye Mzazi

Katika mashindano ya taifa ya tahajia ya Marekani ya mwaka 2000, ambayo hukusanya watoto walioshinda katika wilaya na majimbo yao ili waendeleze maneno ya Kiingereza kwa kinywa, herufi baada ya herufi, mbele ya waamuzi na hadhara kubwa, lilitokea jambo lililowashangaza wengi: mshindi wa kwanza, wa pili na wa tatu wote walikuwa watoto waliosomeshwa nyumbani na wazazi wao. Wa kwanza, George Abraham Thampy, mvulana wa miaka 12 kutoka jimbo la Missouri, alilipata taji kwa neno demarche, na siku chache tu kabla ya hapo alikuwa amechukua nafasi ya pili katika mashindano ya jiografia ya watoto wa nchi nzima.

Tangu siku hiyo habari hii imekuwa ikishikwa na pande mbili zinazoteta, na kila upande umeifanya silaha. Watetezi wa kusomesha watoto nyumbani walisema kwamba burhani imekwisha kupatikana ya kuwa meza ya mzazi ni bora kuliko darasa la serikali. Na wapinzani wao wakajibu kwamba watoto wale hawakushinda kwa elimu bali kwa wasaa, kwa kuwa mtoto asiyebanwa na ratiba ya shule aweza kushinda na kukesha juu ya kamusi, jambo ambalo mwenzake wa darasani hana njia ya kulipata. Nionavyo mimi pande zote mbili zilikosa shabaha, na katika ugomvi wao liliachwa jambo lenye thamani kubwa kuliko taji lenyewe.

Hoja ya watetezi haisimami mbele ya hesabu. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilikadiria kuwa watoto wapatao 850,000 walikuwa wakisomeshwa nyumbani, nao walikuwa wa kila namna: wako waliofunzwa na wazazi wenye shahada za vyuo vikuu, wako waliofunzwa na wazazi waliokuwa wakijifunza pamoja nao, na yamkini wako ambao hawakufunzwa lolote la maana. Mtu mwenye insafu hawezi kuwapima watoto 850,000 kwa watoto watatu waliosimama jukwaani, sawa na vile asivyoweza kuisifu shule ya kijiji kwa sababu mwanafunzi wake mmoja katika miaka ishirini alikwenda ng'ambo kusomea udaktari. Bingwa hutueleza habari zake mwenyewe, na za mama yake, na za baba yake. Habari za umati uliobaki nyuma yake hazijui wala haziwakilishi.

Hoja ya wapinzani ni dhaifu zaidi, maana inageuza bidii kuwa dhambi. Kamusi kuu ya Webster inayotumiwa na mashindano haya ina maneno zaidi ya 450,000, na mengi ya hayo yametoka katika Kiyunani, Kilatini, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu na lugha nyingine nyingi, kila neno likiwa limehifadhi mavazi ya kwao. Basi atakayethubutu kuyakabili hana budi kutoa saa zake nyingi, awe wa shuleni au wa nyumbani. Zaila Avant-garde, binti wa Louisiana aliyesomeshwa nyumbani na kushinda mwaka 2021, alisema kuwa alikuwa akijizoeza hata saa saba kwa siku. Watu wa pwani tumezoea kumwona mtoto anayehifadhi Qurani akiachiwa alfajiri yake na saa zake za baada ya magharibi, wala hatusemi kuwa amewadhulumu wenzake waliokwenda kucheza. Tena, atakapokwisha kuhifadhi, hapati sifa ya hafidhi kwa ushahidi wa baba yake peke yake, bali huketishwa mbele ya masheikh, na katika mashindano makubwa masheikh hao huwa ni wageni kwake, wasiomjua wala wasiojua ada alizolipiwa wala machozi yaliyomwagwa nyumbani kwao.

Na hapo ndipo ilipo faida ya mashindano ya tahajia kwa mtoto anayesomeshwa nyumbani. Mtoto wa namna hiyo ana mtu mmoja aliye mwalimu wake, msahihishaji wake, mtahini wake, mpishi wake na mama yake kwa wakati mmoja. Mtu huyo humpenda; na mapenzi, kwa jinsi yalivyo bora katika malezi, ni kipimo kibaya katika mtihani. Mzazi akisikia mtoto amekosea kidogo humkumbusha kwa jicho. Akiona uso umeanza kukunjamana humpa neno jepesi zaidi. Na kinyume chake, mzazi mwenye hofu kuwa majirani watamsema humkaza mtoto kupita kiasi, akadhani kosa la mtoto ni aibu yake mwenyewe. Katika hali zote mbili mtoto hajui kadiri yake halisi. Anajua furaha na ghadhabu ya mtu mmoja.

Sheria za Marekani hazimsaidii sana katika jambo hili. Ilipofika mwaka 1993 majimbo yote 50 yalikuwa yamekwisha kuhalalisha kusomesha nyumbani, lakini kila jimbo kwa kanuni zake: New York humtaka mzazi apeleke taarifa za masomo na matokeo ya upimaji wa kila mwaka, ilhali Texas haimtaki hata ajulishe serikali kuwa ameanza. Kwa hiyo wako watoto, nao si wachache, ambao yawezekana wakafika umri wa balehe bila ya mtu yeyote asiye wa nyumba yao kuwasikiliza wakisoma wala kuwasahihishia daftari. Simlaumu mzazi kwa uhuru aliopewa na sheria. Nasema tu kuwa mtoto naye ana haki yake katika uhuru huo, na haki hiyo ni kusikilizwa, walau mara moja kwa mwaka, na mtu ambaye hana faida wala hasara katika jibu lake.

Jukwaa la tahajia humpa haki hiyo kwa namna nyepesi na ya wazi. Msomaji wa maneno hulitamka neno. Mtoto anaruhusiwa kuuliza maana yake, asili yake, aina yake katika sarufi, matamshi yake mengine kama yapo, na kutaka litumiwe katika sentensi. Kisha huendeleza, na akikosa kengele hulia. Tangu mwaka 2003 msomaji mkuu wa maneno amekuwa Jacques Bailly, mwanachuoni wa lugha za kale za Kiyunani na Kilatini, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa mashindano haya mwaka 1980 akiwa mtoto. Na yeyote aliyemsikia anajua upole wake kwa watoto, upole ambao hata hivyo hauongezi herufi moja iliyosahauliwa wala hauondoi moja iliyozidi. Hapana pa kumbembeleza mwamuzi, na hapana pa kumtuhumu kuwa amechukia. Neno limo kamusini, na kamusi i wazi kwa kila mtu.

Nataka kusimama kidogo kwa Rebecca Sealfon, kwa sababu naona alidhulumiwa na dunia na bado hajatetewa vya kutosha. Mwaka 1997 alikuwa binti wa miaka 13 kutoka Brooklyn, New York, aliyesomeshwa nyumbani. Jukwaani alikuwa na wasiwasi usiofichika: aliufunika uso wake, alinong'ona peke yake kabla ya kujibu, na alipopewa neno euonym, aliloona mara moja kuwa analijua, alipaza sauti na kuzitamka herufi zake sita moja baada ya moja kama mtu anayetangaza habari njema kutoka juu ya dari. Alishinda. Lakini watu wazima wengi walioiona picha ile katika televisheni waliuacha ushindi wakaikamata ile hali yake, wakaicheka na kuirudia, na wakatoa hukumu kuwa hivi ndivyo anavyokuwa mtoto asiyekwenda shule.

Hukumu ile ilikuwa ya haraka na ya ukatili. Shule zote za ulimwengu zina watoto wenye haya na watoto wenye kelele, wanaotetemeka mbele ya watu na wanaocheka pasipo chekesho, wala hakuna anayesema kuwa shule ndiyo iliyowafanya hivyo. Fauka ya hayo, tuyatazame yale waliyoyatenda waamuzi siku ile, maana wao ndio waliokuwa na haki ya kuhukumu. Hawakumpunguzia alama kwa kufunika uso, hawakumwambia asimame vizuri, hawakumwonea haya wala huruma. Walizisikiliza herufi sita, wakaziona sahihi, wakampa taji lake. Mama yake angeweza kumwambia mara elfu kwamba yeye ni hodari, na asiamini, kwa kuwa mama ni mama. Bali alipoambiwa na watu wasiomjua, tena mbele ya nchi nzima, neno lile lilikuwa na uzito ambao mapenzi ya nyumbani hayawezi kuutoa. Kama mimi ningekuwa na mtoto wa tabia ile, mwenye akili nyingi na mazoea machache ya kutazamwa, ningempeleka jukwaani kwa hiari yake bila ya kungoja haya zimwishe kwanza.

Lakini mwamuzi wa nje ana faida kwa sharti moja, nayo ni uadilifu, na historia ya mashindano haya si safi katika jambo hilo. Yalianza mwaka 1925 kwa juhudi za gazeti la mji wa Louisville, Kentucky, na mshindi wa kwanza, Frank Neuhauser, alikuwa mvulana wa mji huo huo wa miaka 11. Mwaka 1936 alifika Washington kwenye mashindano MacNolia Cox, binti mweusi wa miaka 13 kutoka Akron, Ohio. Treni ilipoingia katika jimbo la Maryland yeye na mama yake walihamishwa wakapelekwa katika behewa la watu weusi. Hoteli ya wenzake ilifungwa kwake. Na kwenye karamu alitengewa meza yake mbali. Pamoja na hayo yote alisimama akaendeleza neno baada ya neno mpaka wakabaki wachache, ndipo alipopewa neno nemesis, ambalo siku zile kamusi iliyotumika ililiandika kwa herufi kubwa, kama jina la mungu wa kike wa Wayunani, ilhali kanuni zilikataza majina ya pekee. Waliofuatana naye walipinga, na waamuzi wakakataa kusikia. Akashika nafasi ya tano.

MacNolia hakuwa mtoto wa kusomeshwa nyumbani, nami simtaji kwa ajili hiyo. Namtaja kwa sababu mzazi anayemtoa mwanawe katika hifadhi ya nyumba na kumkabidhi kwa mwamuzi anaweka imani kubwa, na imani hiyo ikivunjwa mtoto hujifunza somo baya kuliko ujinga: kwamba kujua si kitu. Ilipita miaka mingi kabla jeraha lile halijaanza kupona. Mwaka 1998 Jody-Anne Maxwell wa Jamaica alikuwa mtoto mweusi wa kwanza kulitwaa taji, na mwaka 2021, miaka 96 tangu mashindano yaanze, Zaila Avant-garde, aliyekuwa na miaka 14, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kulipata, kwa neno Murraya, ambalo ni jina la jamii ya miti. Mnamo mwaka 2019 alikuwa ametolewa mapema kabisa, akiwa katika kundi la mamia ya watoto waliolingana mahali pa chini. Akarudi nyumbani, akaendelea na masomo yake na mpira wa kikapu, mchezo ambao aliandikwa kwa ajili yake katika kitabu cha rekodi za dunia kwa kudunda mipira kadhaa kwa mara moja, kisha akaja tena.

Kurudi huko baada ya kushindwa ndiyo elimu ambayo nyumba haiwezi kuitoa kwa urahisi. Isipokuwa mara chache sana, kama mwaka 2019 walipotawazwa mabingwa wanane kwa pamoja, kila mtoto aingiaye katika mashindano haya ila mmoja hushindwa. Mtoto wa darasani amekwisha kukosea mbele ya wenzake mara nyingi tangu utotoni, akachekwa, akakaa, na kesho yake akaamka akaona kuwa dunia haikwisha. Mtoto wa nyumbani aghalabu hajapata mafunzo hayo, na kosa lake la kwanza mbele ya watu laweza kumfikia akiwa na umri ambao aibu huuma zaidi. Ni heri limfikie jukwaani, mahali ambapo wenzake wote wamekuja kwa hatari ile ile, kuliko kumfikia akiwa mtu mzima katika kazi yake ya kwanza.

Hapa sina budi kusema na wazazi, tena kwa ukali kidogo. Mzazi aliyeiacha njia ya wengi na kuchukua jukumu la kumsomesha mwanawe mwenyewe huulizwa maswali kila siku, na jamaa, na majirani, na hata watu wa sokoni. Na mtu anayeulizwa kila siku hutamani jibu moja litakalowanyamazisha wote. Taji la mtoto ni jibu la namna hiyo, na ndiyo sababu ni hatari. Ikiwa mtoto anaendeleza maneno ili kuitetea rai ya baba yake, basi mwamuzi hakuondoka nyumbani; amevaa nguo nyingine tu, na kila kengele itakayolia itakuwa inawalilia watu wawili. Mfano mzuri ni Evan O'Dorney wa California, aliyesomeshwa nyumbani na kushinda mwaka 2007, ambaye siku ile ile ya ushindi alisema waziwazi kuwa anapenda hisabati na muziki zaidi kuliko tahajia, kwa kuwa tahajia ni kukariri. Hakuna aliyemzuia kusema hivyo, na baadaye akaifuata hisabati mpaka akatwaa medali za dhahabu katika mashindano ya hisabati ya kimataifa ya wanafunzi. Huyo alilitumia jukwaa kama kituo cha njiani.

Tena kukariri kwenyewe kumepunguzwa. Tangu mwaka 2013 watoto huulizwa na maana za maneno pia, na mageuzi hayo yalinipendeza, kwa kuwa mtoto anayejua herufi za neno asijue maana yake amebeba mzigo ambao hana soko la kuuuza.

Msomaji wa Kiswahili aweza kuuliza: haya yanatuhusu nini, na lugha yetu huandikwa kama isemwavyo, hata mashindano ya tahajia yakakosa sababu ya kuwapo? Ni kweli kwamba hatuyahitaji kwa sura ile. Walakini jambo la kusomesha nyumbani limekwisha kutufikia. Nchini Kenya, sheria ya elimu ya msingi ya mwaka 2013 humwajibisha mzazi kumwandikisha mtoto shuleni, na wazazi wanaosomesha nyumbani wamelipeleka suala hilo mahakamani kutaka njia yao itambuliwe. Naona mjadala umekaa juu ya haki ya mzazi na haki ya serikali, na yule anayebishaniwa amesahauliwa kati yao. Ningependa pande zote mbili ziulize ni wapi mtoto huyo atasikilizwa na mtu mwingine. Kwetu ingekuwa kusoma kwa sauti mbele ya watu, kughani mashairi, kutoa hotuba fupi au kukokotoa hesabu ubaoni. Namna yake si hoja, maadamu mwamuzi hali chakula katika nyumba ya mtahiniwa.

Wala mlango wa jukwaa usiwe wa kununuliwa. Mwaka 2018 waandalizi wa Marekani, kwa nia njema ya kuwafungulia njia watoto wa wilaya ngumu ambako hodari mmoja humfungia mwenzake, waliruhusu familia kujilipia ili mtoto asiyeshinda kwao apate kuingia. Ada ilikuwa dola 750 mwaka huo na dola 1,500 mwaka uliofuata, nje ya nauli na hoteli, na idadi ya washindani ikapanda ikazidi 500. Mshindi wa mwaka 2018 mwenyewe, Karthik Nemmani wa Texas, aliingia kwa mlango huo, kwa hiyo haiwezi kusemwa kuwa uliwaleta wasiostahili. Bali uliwaacha nje wanaostahili wasio na fedha, na familia inayosomesha nyumbani, ambayo mara nyingi imeukosa mshahara wa mzazi mmoja kwa ajili ya kazi hiyo, ni miongoni mwa zile zinazoumia kwanza. Utaratibu ule uliondolewa, nami nashukuru kwamba uliondolewa.

Njia iliyo bora ipo, tena ni ya zamani: vyama vya wazazi wanaosomesha nyumbani huruhusiwa kujisajili mithili ya shule moja, wakafanya mashindano yao wenyewe ya awali na kumpeleka mshindi wao katika wilaya. Vyama hivyo visiridhike na kupeleka mmoja. Viwasimamishe watoto wao wote kila mwaka, walio wepesi na walio wazito. Vimwalike mwalimu wa shule ya jirani, au mkutubi, au mchapaji wa mji ule, aje awe mwamuzi. Na viandike katika kanuni zao kwamba hakuna mzazi atakayekaa katika kiti cha uamuzi siku ambayo mwanawe anashindana.